Spyder inakukaba kwenye kona? Tafuta kosa kabla ya kugusa sensa

Lalamiko huwa ni lile lile. Mtu ana Can-Am Spyder, ile pikipiki ya magurudumu matatu, ameshaizoea, anaingia kona kwa kujiamini, na katikati ya kona enjini inakata nguvu, gurudumu moja linashikwa breki bila yeye kukanyaga kitu, na taa ya VSS, yaani mfumo wa kudhibiti uthabiti, inapepesa kwenye dashibodi. Akifika gereji maneno ni mafupi: "Fundi, hii kitu inanikaba. Nitolee hizo sensa, au zilegeze kidogo."

Sensa zenyewe ni nadra kuwa na kosa. Mara nyingi zinasema kweli kuhusu chombo ambacho kimebadilika: tairi si zile za kiwandani, upepo umeshuka, usukani umehama katikati yake, betri imechoka, au kisanduku cha sensa kimerudishwa upande upande baada ya mtu kupitisha waya za redio. Kwa hiyo hapa tunaanza na dalili. Sensa zitafuata, na suala la kuzibadilisha liko karibu na mwisho kwa makusudi, maana wengi wakifika hapo huwa hawalihitaji tena.

VSS inafikiri nini

Spyder ilizinduliwa mwaka 2007 na BRP, kampuni ya Valcourt, Quebec, Kanada, yenye jina la Can-Am, na mfumo wake wa kudhibiti uthabiti ulitengenezwa pamoja na Bosch. Magurudumu mawili mbele, moja nyuma. Kanyagio moja la mguu linashika breki zote tatu. Kikubwa zaidi ni kwamba haijilazi kwenye kona kama pikipiki ya kawaida. Kona ikiizidi, mwili unaegemea nje na gurudumu la mbele la upande wa ndani linaanza kuwa jepesi, kisha linanyanyuka.

Ili lisinyanyuke, kompyuta ya breki inalinganisha habari za aina mbili. Ya kwanza ni nia yako: pembe ya usukani na kasi ya kila gurudumu. Ya pili ni kile chombo kinachofanya kweli: sensa ya mgeuko hupima mwili unageuka digrii ngapi kwa sekunde, na sensa ya msukumo wa pembeni hupima unavyosukumwa kwenda nje ya kona. Habari hizo zinaweza kuhakikishana zenyewe kwa zenyewe. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, na mwili unageuka digrii 20 kwa sekunde, msukumo wa pembeni lazima uwe kama 5.8 m/s², karibu 0.6 ya mvuto wa dunia (0.6 g). Sensa moja ikisema 0.6 na nyingine ikileta hesabu ya 0.45, kompyuta inajua kuna mmoja anayedanganya. Haina njia ya kumtambua ni nani, kwa hiyo inachukua upande wa tahadhari.

Mpaka wenyewe unaweza kuukadiria kwenye karatasi. Chukua nusu ya upana kati ya magurudumu ya mbele, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito, kisha zidisha kwa sehemu ya urefu inayopatikana kati ya ekseli ya nyuma na kitovu hicho. Spyder ina upana wa kama mita 1.3 mbele. Tukichukulia kitovu kiko nusu mita juu ya ardhi, na kiko asilimia 60 ya urefu kutoka ekseli ya nyuma, tunapata 1.3 mara 0.6, yaani 0.78 g. Hizo mbili za mwisho ni namba zangu za mfano, si za kiwanda, lakini zinaonyesha jambo ambalo litarudi mara kadhaa huko chini: uzito ukisogea nyuma, mpaka unashuka, hata kama hakuna kilichoharibika.

Hapo pia ndipo unaelewa kwa nini VSS hukata nguvu na kushika breki kwa pamoja. Ukifunga mafuta au ukishika breki, uzito unakimbilia mbele, palipo na magurudumu mawili, na chombo kinatulia. Bajaji ya Dar au Mombasa ni kinyume chake kabisa: gurudumu moja liko mbele, na breki ya ghafla ndani ya kona inasukuma uzito kuelekea ncha nyembamba ya pembetatu. Ndiyo maana dereva mzoefu wa bajaji anamaliza breki kabla ya kukata kona. Mtu akikuambia atakufungia kwenye bajaji mfumo uliotolewa kwenye Spyder, mwache aende zake.

Taa ya VSS ikipepesa, mfumo unafanya kazi. Ikiwaka na kubaki, umekuta hitilafu na umejitoa, wote au sehemu. Usichanganye hali hizo mbili, kwa sababu utafutaji wake hauanzii mahali pamoja.

Inakaba kona za upande mmoja tu

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu inapunguza orodha ya washukiwa kwa nusu papo hapo. Kona za kulia unapita vizuri, kona za kushoto kwa mwendo ule ule inakukatia nguvu. Kitu kinachoathiri pande zote sawa, kama betri au tairi la nyuma, hakiwezi kuwa chanzo. Tafuta kilicho upande.

Anza na upepo wa matairi ya mbele, yakiwa ya baridi. Tairi za mbele za Spyder hutumia upepo mdogo sana ukilinganisha na gari. Modeli nyingi ziko kati ya psi 15 na 20, na ya nyuma karibu na 28. Soma kibandiko cha chombo chako, usichukue namba ya jirani. Kwenye gari la psi 32, upungufu wa psi 3 hauonekani. Kwenye tairi la psi 15 hiyo ni moja ya tano ya upepo wote. Tumia kipimo kizuri cha upepo mdogo. Vile vya kituo cha mafuta vinavyofika psi 100 na zaidi huku chini havisomi sawasawa.

Kisha linganisha unene wa matairi hayo mawili. Mtu ametobolewa tairi la kulia, amenunua jipya moja, la kushoto limebaki la zamani. Tofauti ya mzingo ya asilimia 1 tu, ukiwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, inaonekana kama gurudumu moja linakwenda haraka kwa mita 0.28 kila sekunde. Gawanya kwa upana wa mita 1.3 na umepata "mgeuko" wa digrii 12 kwa sekunde ambao haupo. Mifumo hii hujifunza tofauti ndogo za matairi na kuzisamehe, lakini msamaha wake una kikomo, na kosa linalobaki linakusubiri kwenye kona ya upande mmoja. Tairi za mbele zinunuliwe jozi.

Baada ya hapo, usukani. Tafuta barabara tambarare, nenda moja kwa moja kwa mwendo wa wastani, angalia mikono ya usukani. Imekaa sawa, au unaishika imepinda kidogo ili chombo kinyooke? Ikiwa imepinda, alaimenti haiko sawa na katikati ya usukani, na sensa ya pembe inaamini unakata kona siku nzima. Kosa la digrii 1 kwenye magurudumu, kwa kilomita 100 kwa saa na urefu wa mita 1.7 kati ya ekseli, linaifanya kompyuta itarajie mgeuko wa digrii 16 kwa sekunde. Fanya jaribio hilo ukienda na ukirudi kwenye barabara ile ile, kwa sababu barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yateremke, na mteremko huo mdogo unavuta chombo upande mmoja.

Alaimenti ya Spyder si kazi ya kila duka la matairi. Mashine ya gari inapima magurudumu manne yanayotazamana kwa jozi. Hapa yako matatu, na kipimo kinapaswa kuchukuliwa usukani ukiwa katikati yake halisi. Mafundi waliobobea hutumia leza inayofungwa kwenye diski za mbele. Baada ya hapo sensa ya pembe iambiwe upya "hapa ndipo katikati", kwa BUDS, programu ya uchunguzi ya BRP, au BUDS2 kwa modeli mpya. Aliyefanya alaimenti bila hatua hiyo amekupa nusu ya kazi.

Haya yote yakiwa sawa, fungua uangalie kisanduku cha sensa ya mgeuko na msukumo. Kitabu cha gereji cha modeli yako kitakuonyesha kilipo. Weka chombo sakafu tambarare, weka juu ya kisanduku pimamaji dogo, au simu yenye programu ya pimamaji. Angalia pia mshale wa mwelekeo kama upo, mpira wa kuzuia mtikisiko, na kama bolti zote zimerudi. Mtu aliyepitisha waya za taa au redio mara nyingine hukirudisha kisanduku juu ya waya hizo hizo, kikabaki kimeinuka upande mmoja.

Kuinuka kwa digrii 3 kunaonekana mchezo. Lakini sensa ya msukumo haiwezi kutofautisha kati ya kusukumwa na kona na kuvutwa na ardhi. Digrii 3 za mlalo zinaifanya isome 0.05 g hata ukiwa umesimama na enjini imezimwa. Kona yako ya 0.60 g sasa inasomwa 0.65 upande mmoja na 0.55 upande mwingine. Upande mmoja unakabwa mapema. Upande wa pili, na hapa ndipo pa kuogopa, unaona chombo "kimechangamka" na kukuachia raha, kumbe mlinzi anachelewa kuamka. Wapo waliougundua upande huo wa pili wakataka kuinamisha sensa kwa makusudi. Ukifanya hivyo huwezi kupata nafuu kona zote. Kila unachojipa kulia unakilipa kushoto.

Inakata nguvu ukitoka kwenye taa, au njia iliyonyooka

Huku kona haihusiki kabisa, hapa kompyuta inaamini gurudumu la nyuma linateleza. Inajuaje? Linazunguka haraka kuliko ya mbele. Sasa jiulize nini kingine kinaweza kulifanya lizunguke haraka kuliko ya mbele bila kuteleza.

Tairi la nyuma lililoliwa. Tairi la nyuma la Spyder ni pana na bapa, na upepo ukizidi linaliwa katikati kwanza. Saizi ya 225/50R15 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 606. Ikiliwa milimita 6 za mpira, kipenyo kinabaki 594, pungufu la asilimia 2. Wakati huo huo mwenye chombo amebadilisha tairi za mbele kutoka 165/55R15 kwenda 175/55R15, saizi ya gari dogo ambayo wengi huipenda kwa kuwa inadumu. Kipenyo kimepanda kutoka kama milimita 562 hadi 573, nyongeza ya asilimia 2 nyingine. Jumlisha: gurudumu la nyuma linaonekana kuteleza asilimia 4 hata ukisukuma chombo kwa mkono uani. Ukifungua mafuta kwa nguvu, hakuna nafasi ya kutosha iliyobaki kabla ya mfumo kuingilia.

Kinyume chake, aliyefunga tairi kubwa la gari nyuma, tuseme 205/60R15 yenye kipenyo cha milimita 627, amejipa asilimia 3 na nusu upande wa pili. Kona na kuondoka kwake kutakuwa laini, taa haipepesi, naye atasifia tairi. Kumbe tairi limeteleza tayari na kompyuta bado inahesabu. Hili sisemi kama katazo. Watu wengi wanatumia tairi za gari kwenye Spyder na wana sababu zao, bei na umri wa tairi zikiwemo. Ila ukibadilisha, piga hesabu ya kipenyo mbele na nyuma kwa pamoja, uwiano ubaki karibu na ule wa kiwandani.

Kama matairi hayana lawama, tazama sensa ya gurudumu la nyuma na pete yake ya meno. Vumbi la chuma hunasa kwenye ncha ya sensa, na kwenye baridi ya Kanada chumvi inayomwagwa barabarani hula pete. Safisha kwa kitambaa, angalia kama kuna jino lililovunjika au kutu iliyovimba, tikisa gurudumu kuona kama beringi ina mchezo. Beringi iliyolegea husogeza pete mbali na sensa kila ukikata kona, na hitilafu hiyo inafanana sana na ya waya.

Taa inawaka ukiwasha tu, au "LIMP HOME MODE" (nguvu pungufu ya kukufikisha nyumbani tu) inatokea

Usiguse sensa yoyote. Chukua mita, pima betri.

Ikiwa imepumzika usiku kucha, betri nzima inasoma volti 12.6 au zaidi. Ikiwa 12.2, imebaki nusu, na hapo ndipo vichekesho vinaanza. Pima tena wakati wa kupiga stata: ikiporomoka chini ya 10, betri imechoka au taminali hazijabana. Enjini ikiwaka na mizunguko ikipanda, volti iwe kati ya 13.5 na 14.5. Halafu fanya kipimo ambacho wengi hukiruka: enjini ikiwa mwendo wa kupumzika, chombo kimesimama, zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku mita iko kwenye betri. Usukani wa Spyder unasaidiwa na mota ya umeme, na mota hiyo hunywa umeme mwingi zaidi kama magurudumu yamesimama. Volti ikizama hapo, kompyuta ya breki nayo inaona kiza kwa muda, inaandika msimbo wa sensa ambayo haikujibu kwa wakati, na wewe unakwenda kununua sensa. Ryker, ndugu mdogo wa Spyder, haina mota hiyo ya usukani, kwa hiyo kipimo hiki hakiihusu.

Bana taminali kwa spana, si kwa vidole. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye fremu, ung'oe, usugue, uurudishe. Kisha orodhesha kila kitu kilichoongezwa baada ya chombo kutoka dukani: taa za LED, chaja za simu, viti vya kupasha joto, moduli ya trela. Ng'oa fyuzi zake zote, endesha siku mbili tatu. Hitilafu ikipotea, rudisha moja moja.

Misimbo yenyewe isome kabla ya kuifuta. Herufi ya kwanza inakupa mtaa: P ni enjini na usafirishaji wa nguvu, C ni chasisi, yaani breki, usukani na uthabiti, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Rundo la misimbo ya U iliyokuja kwa pamoja, kutoka kompyuta tofauti, karibu kila mara ni umeme au waya. Msimbo mmoja wa C unaorudi peke yake baada ya kufutwa ndio unaostahili kufuatwa hadi kwenye sensa.

Kabla hujafunga ukurasa huu, angalia chupa za kiowevu cha breki. Pedi zikiliwa kiowevu kinashuka, na kikifika chini sensa yake inalalamika mpaka mfumo mzima unagoma. Na angalia taa ya breki ya nyuma: ikibaki imewaka bila mguu kwenye kanyagio, swichi ya breki imehama au imekufa, na kompyuta inapata habari za breki ambayo hukukanyaga.

Inakuja na kuondoka: mvua, kuosha, mashimo

Hizi ni waya na soketi. Fundi mwenye haraka atakubadilishia sensa, itakaa sawa wiki moja kwa sababu alipokuwa akiichomoa alisafisha soketi bila kujua.

Sensa na kompyuta za Spyder huzungumza kwa njia ya CAN, waya mbili zilizosokotwa pamoja. Kila mwisho wa njia una kinzani ya ohm 120. Zima kila kitu, tenganisha betri, pima kati ya waya hizo mbili kwenye soketi ya uchunguzi: unatarajia ohm 60 hivi. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, waya zimegusana. Ukipata 60 nzuri, tikisa waya kila unapofika huku msaidizi akitazama mita, hasa pale zinapopita karibu na shingo ya usukani, maana hapo zinakunjwa kila unapokata kona. Shinikizo la maji la mashine ya kuoshea usilielekeze kwenye soketi. Likiingia halitoki upesi.

Waya ya sensa ya gurudumu nayo ina sehemu yake ya kuumia: mbele, pale inaporuka kutoka kwenye fremu kwenda kwenye gurudumu linalopanda na kushuka. Ganda la nje linaweza kuwa zima na shaba ya ndani imekatika. Usikimbilie kupima sensa hiyo kwa ohm kabla hujajua ni ya aina gani. Sensa ya koili tupu inapimika hivyo; yenye elektroniki ndani inahitaji kupewa umeme ndipo iseme, na kipimo cha ohm hakikwambii chochote.

Akipanda abiria, au ukifunga trela

Peke yako hakuna shida. Mke akipanda na masanduku yamejaa, inakaba kila mzunguko wa barabara. Rudi kwenye hesabu ya mpaka. Uzito umesogea nyuma na umepanda juu. Kitovu kikiwa asilimia 55 ya urefu kutoka ekseli ya nyuma badala ya 60, 0.78 inashuka hadi 0.71 kabla hata kimo hakijaongezeka. Uzito wa trela unaokaa kwenye ndoano nyuma ya ekseli unafanya vivyo hivyo na zaidi, maana unainua mbele. Ongeza msukumo wa springi ya nyuma kama kitabu kinavyosema, panga mizigo mizito kwenye boksi la mbele, punguza mwendo. Mfumo uko sahihi.

Sasa, kuzibadilisha sensa

Kuchomoa sensa ya mgeuko hakukupi Spyder yenye uhuru. Kunakupa taa ya hitilafu, nguvu iliyopunguzwa, na uwezekano wa kupoteza ABS (breki zisizofunga magurudumu) kwa pamoja, kwa kuwa zote zinaishi kwenye kompyuta moja. Kuweka kinzani kati ya waya kunafanya kazi kwenye sensa ya joto la maji ya gari la zamani. Sensa ya CAN hutuma ujumbe wenye hesabu ya kujihakiki na namba inayopanda kila ujumbe. Kinzani haiwezi kuandika ujumbe. Vidude vinavyokaa katikati na kupunguza thamani za msukumo vinawezekana kiufundi, lakini rejea ule mfano wa kilomita 60: ukipunguza msukumo bila kugusa mgeuko, hesabu hazilingani tena na umejitengenezea hitilafu. Ukipunguza vyote viwili, pembe ya usukani inawaumbua. Na ukifanikiwa kudanganya vyote, umebaki na chombo kisichojilaza ambacho mlinzi wake amefunikwa macho.

Kuna badiliko moja ambalo kweli linapunguza kukabwa, na halipiti kwenye waya: fimbo nene ya kuzuia mwili kuegemea, pamoja na shokapu ngumu zaidi za mbele. Sensa ya msukumo imefungwa kwenye mwili. Mwili ukiegemea nje kwa digrii 3, sensa inaongezewa ile 0.05 g ya mvuto wa ardhi juu ya msukumo halisi wa kona. Fimbo nene inapunguza kuegemea, sensa inasoma karibu na ukweli, na mfumo unasubiri kidogo zaidi kwa sababu kweli kuna nafasi ya kusubiri. Kazi ni ya saa chache na spana za kawaida. Vipanuzi vya magurudumu vya mbele navyo vinaongeza upana, ila vinaongeza mzigo kwenye beringi na kubadilisha hisia ya usukani, mimi sivifungi.

Anayetaka mkia uteleze kidogo kwa raha yake, kiwanda kimeshamtengea: Spyder ya modeli F3-S ina hali ya Sport, na Ryker Rally ina hali ya Rally, ambapo gurudumu la nyuma linaruhusiwa kuteleza zaidi. Ulinzi wa kupinduka unabaki.

Kujaribu baada ya matengenezo

Futa misimbo, kisha nenda uwanja mpana wenye lami kavu, usiende barabarani kwanza. Nenda moja kwa moja dakika chache ili mfumo ujipime, halafu zunguka duara kubwa kushoto na kulia kwa mwendo uleule, ukiongeza kilomita 5 kila mara. Unachotafuta ni usawa: pande zote mbili taa ipepese kwenye mwendo unaokaribiana. Ikipishana sana, rudi kwenye upepo, usukani na kisanduku, kwa mpangilio huo.

Ikigoma hapo, mpelekee mwenye BUDS, na umwombe akuonyeshe thamani za moja kwa moja chombo kikiwa kimesimama sakafu tambarare na usukani katikati: pembe ya usukani, mgeuko na msukumo wa pembeni, zote tatu zinatakiwa zicheze karibu na sifuri. Mpe na karatasi yenye saizi za tairi, upepo uliopima asubuhi, volti za betri na kitu chochote kilichoongezwa kwenye chombo, aanzie hapo.